Saa 72

Wasee, kwetu Chepsaita ni matatu moja tu hadi Eldoret. Huko, mwaka wa 2000, daktari Joe Mamlin wa Indiana alimkuta mwanafunzi wa udaktari wodini akifa na Ukimwi. Dawa zilikuwa ghali mbaya. Zikatafutwa, jamaa akainuka, na 2001 AMPATH ikaanza.

Siku hizo ukishuku umeambukizwa, ulingoja tu.

Mimi kondomu ilipasuka Ijumaa usiku. PEP, dawa za kuzuia HIV, unaanza kabla saa 72 kuisha, unameza siku 28. Nilijua. Bado nilijifungia wikendi yote, naogopa jirani ataniona kwa foleni. Nilimeza ya kwanza Jumatatu asubuhi, saa ya 60. Kisonono na kaswende PEP haizuii, nikapimwa kando.