Bandari Nyingi, Lango Moja

Agosti 1975, vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela, shaba ya Kolwezi, kusini mwa Kongo, ilipoteza njia yake fupi ya kwenda baharini: kilomita 1,700 hivi hadi Lobito. Reli hiyo, aliyoipigania Mskochi Robert Williams tangu 1902, ilikuwa imefika mpaka wa Kongo mwaka 1929. Viwanda vya Ubelgiji vilivyozoea shaba ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, vilitaka mzigo, si habari za vita.

Wasafirishaji wakahaha. Ilikuwapo “njia ya taifa”, fahari ya wanasiasa na kero ya makarani: treni hadi Ilebo, matishari kwenye mto Kasai hadi Kinshasa, kisha treni tena hadi Matadi. Kila kituo mzigo hushushwa na kupakiwa upya, na kila kituo unaweza kulala. Shaba nyingine ikashuka kusini, kupitia Zambia na Rhodesia hadi Afrika Kusini. Rais Mobutu aliulaani ubaguzi majukwaani. Shaba yake ikapita uani kwa makaburu.

Mei 13, 1978, balaa likatua Kolwezi kwenyewe. Waasi wa FNLC waliuteka mji, migodi ikasimama, bei ya kobalti ikapaa duniani. Safari hii kubadili njia kusingemfaa mteja: hapakuwa na cha kupakia.

Reli ya Kongo ilipochakaa, malori yakarithi kazi, na hapo ndipo kampuni za usafirishaji zilipoanza kujinadi kwa wingi wa bandari: Durban, Dar es Salaam, Beira, Walvis Bay. Si porojo tupu. Julai 2021 wadukuzi walipoizima mitambo ya Transnet, shirika la bandari la Afrika Kusini, watu wa Durban walirudia karatasi na kalamu. Aprili 2022 mafuriko yakaibomoa barabara iendayo bandarini. Mwenye wakala mzuri aliweza kugeuzia mzigo wake Dar. Lakini kugeuza mzigo si kukata usukani. Zinahitajika dhamana mpya ya forodha kwa kila nchi ya kupitia, hati mpya, bima iliyorekebishwa na nafasi kwenye meli nyingine. Mteja analipia hasa huyo mtu anayejua ofisi ipi ya kubisha hodi.

Tatizo ni kwamba barabara za kwenda bandari zote nne hupitia kwanza Zambia. Mnamo Agosti 2024 Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Zambia ikajibu kwa kufunga vituo vya mpakani vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Kwa siku chache hizo kathodi za shaba zilisimama kwa ajili ya soda, na wakala hodari kuliko wote hakuwa na la kumwambia mteja ila asubiri.

Kwa hiyo kinachofanyika Lobito kina uzito kuliko hotuba zake. Wachina waliikarabati reli ya Benguela hadi mpakani, na Desemba 2023 shehena ya majaribio ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilisafiri juu yake bila kuigusa Zambia. Udhaifu wake uko upande wetu: kati ya Kolwezi na Dilolo, treni bado zinatambaa juu ya reli zilizozeeka za SNCC, shirika la reli la Kongo, na wenye migodi hawajathubutu kuyaacha malori.