Korintho, Mji wa Walioachwa Huru

Watunzi wa riwaya za zama za Biblia hupenda mambo makuu. Lew Wallace, katika Ben-Hur ya mwaka 1880, aliwapa wasomaji mbio za magari ya farasi. Henryk Sienkiewicz, katika Quo Vadis, akawapa Nero, moto na wanyama wakali uwanjani. Mimi naamini kuwa anayetaka kuijua dunia ile kama watu wa kawaida walivyoiishi aende Korintho, tena aanzie kwenye duka la fundi.

Korintho aliyoingia mtume Paulo yapata mwaka 50 BK ilikuwa mji mchanga juu ya magofu ya mji mkongwe. Ule wa kwanza uliteketezwa mwaka 146 KK na jemadari wa Kirumi, Lucius Mummius. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kwa karne nzima palibaki vifusi na watu wachache waliojibanza humo. Mwaka 44 KK, mwaka ule ule aliouawa, Julius Caesar aliamuru mji uanzishwe upya. Mwanajiografia Strabo anaeleza kuwa wengi wa walowezi waliopelekwa walikuwa watumwa walioachwa huru. Walipokuwa wakiondoa vifusi walikuta makaburi ya wenye mji wa zamani, yamejaa vyombo vya udongo na vya shaba. Hawakuacha hata moja. Waliyafukua yote na kuuza vyombo hivyo Roma, kwa bei kubwa mwanzoni. Basi mtaji wa awali wa mji mpya ulitoka makaburini, na sioni ajabu kwamba wajukuu wa watu hao walihangaikia sana heshima ya jina.

Utajiri wa kudumu uliletwa na mahali penyewe. Korintho ilikaa kwenye shingo ya nchi yenye upana wa kilomita 6 hivi, bahari huku na huku: bandari ya Lechaion ikitazama Italia, na Kenkrea ikitazama Asia. Mabaharia waliiogopa rasi ya Malea kule kusini kwa pepo zake, hivyo wafanyabiashara waliona heri washushe shehena upande mmoja, ivushwe nchi kavu, ipakiwe tena upande wa pili. Kila mzigo ulilipiwa ushuru, na kila mzigo ulihitaji mabega ya watu.

Hapo ndipo Paulo alipowakuta Akila na Prisila, mume na mke waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walikuwa washona mahema kama yeye, akakaa nao wakafanya kazi pamoja. Maduka ya mafundi yaliyofukuliwa katika miji ya Kirumi ni vyumba vidogo, vingi vikiwa na upana wa mita 3 au 4 tu, na mwanga mwingi uliingia kwa mlango wa barabarani. Fundi alikaa karibu na mlango, msharasi mkononi, mgongo umepinda, huku wapita njia wakimsalimu na kuuliza bei. Wateja hawakukosekana: kila baada ya miaka 2 michezo ya Isthmia ilileta umati wa wageni jirani na mji, nao walihitaji pa kulala. Lakini heshima haikuwepo. Cicero aliandika waziwazi kuwa karakana haina lolote linalomfaa muungwana. Paulo alipowakumbusha Wakorintho kuwa anajitaabisha kwa mikono yake, waliokuwa na fedha kati yao bila shaka waliona haya kwa ajili yake.

Cheo katika mji huu kilitafutwa hadharani. Karibu na jumba la maonyesho wachimbaji walipata, kuanzia mwaka 1929, jiwe lenye maandishi ya Kilatini: Erasto, kwa kupewa wadhifa wa uongozi wa mji, aliutandaza uwanja kwa mawe kwa gharama zake mwenyewe. Paulo naye, akiwaandikia Warumi kutoka Korintho, anatuma salamu za Erasto, wakili wa mji. Wataalamu bado wanabishana kama ni mtu mmoja. Kwangu jiwe lina thamani hata kama ni wawili, maana linaonyesha jinsi mtu alivyojinunulia jina, tena kwa herufi kubwa ambazo kila mpita njia angezikanyaga.

Na cheo kilionekana zaidi mezani. Chumba cha chakula katika nyumba ya tajiri wa Kirumi kilipangwa kwa watu 9 hivi, wameegemea vitanda vitatu. Wengine wote walikaa uani. Chakula nacho kilitofautiana. Plinio Mdogo anasimulia kwa hasira karamu ambamo mwenyeji alipanga divai za aina tatu: moja yake na wageni wake wakuu, moja ya marafiki wa chini, na moja ya walioachwa huru. Ukiisoma tena sehemu ile ya waraka kwa Wakorintho ambapo Paulo anawakemea kwa kuwa mmoja ana njaa na mwingine amelewa, unaona chumba, ua, na mchukuzi aliyefika jioni baada ya kazi, wakuu wakiwa wamekwisha kula. Karipio lile linaniuma zaidi kuliko ukatili wowote wa uwanja wa simba, kwa sababu hapa waliodhalilishana walikuwa ndugu wa imani moja.

Nyama nayo ilikuwa swali la tabaka. Maskini alikula mkate, uji, dengu na samaki wa chumvi. Nyama aliionja hasa katika sikukuu za miungu, ilipogawiwa baada ya sadaka. Tajiri aliinunua sokoni siku yoyote. Kwa hiyo ubishi wa kanisa juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu haukuwagusa wote sawasawa.

Katikati ya uwanja wa mji bado lipo jukwaa la mawe ambalo watafiti wengi hulitaja kuwa ndipo Paulo alipofikishwa mbele ya liwali Galio, kaka yake mwanafalsafa Seneca. Vipande vya maandishi kutoka Delfi, vyenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio, vimewezesha wanahistoria kuweka uliwali wake karibu na mwaka 51 na 52. Galio alikataa kuisikiliza kesi ya Paulo.

Mwaka 67 Nero alikuja kuikata ile shingo ya nchi kwa mfereji, akauanzisha kwa mkono wake mwenyewe. Mwanahistoria Yosefo anaandika kuwa jemadari Vespasian alimpelekea vijana 6,000 wenye nguvu, mateka wa vita vya Galilaya. Wengi waliousikiliza waraka wa Paulo ukisomwa walikuwa bado hai, na mji ulioanzishwa na walioachwa huru uliletewa kundi jipya la watumwa. Nero alikufa mwaka uliofuata, na kazi ikaachwa. Mfereji ulikamilika mwaka 1893, ukifuata njia ile ile waliyoanza kuichimba mateka hao.