Macho ya Nakuru Yaliyosomwa na Mashine

Hapa Muhoroni, ambako mazungumzo ya barazani aghalabu ni bei ya miwa na malipo yaliyochelewa, Oktoba ya mwaka 2025 ilipita bila ya mtu kukumbuka kwamba muongo mmoja umetimia tangu kuchapishwa habari za macho ya jirani zetu wa Nakuru, yaliyosomwa na mashine.

Helmholtz wa Ujerumani aliunda kioo cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, kamera zikafuata. Kadhia yetu yaanzia 2007 na 2008, ambapo kundi la Daktari Wanjiku Mathenge lilizunguka vituo 100 vya Nakuru, likawaita watu 5,010 waliotimiza miaka 50 na zaidi, wakaitika 4,414. Mtu alitiwa matone ya kupanua mboni, akangoja, akaegemeza kidevu mbele ya kamera, mwanga ukampiga. Kisha akashika njia ya nyumbani amekinga jua kwa kiganja, kwani matone hayo huuacha ulimwengu na ukungu kwa saa kadhaa.

Picha zilisomwa na wajuzi wa hospitali ya macho ya Moorfields, London. Baadaye picha hizohizo zikapewa programu ya Iowa, Marekani, iliyofunzwa kutambua vijidonda na damu iliyovuja katika retina ya mwenye kisukari, na hapo mashine na binadamu wakahitilafiana. Katika kila wagonjwa 100 waliotambuliwa na wajuzi, mashine iliwanasa 91. Na ilipomwambia mtu yu salama, iliaminika mara 98 katika 100. Lakini katika wazima 100, iliwatilia shaka wapatao 30. Wako wasemao kwamba hadhari haidhuru, nami ningaliafiki, lau nauli ya shaka hiyo ingalilipwa na mashine.

Yaliyofuata yajulikana: mwaka 2016 Google ilitangaza mashine iliyofundishwa kwa picha 128,175, na 2018 Marekani ikaidhinisha mzawa wa programu ya Iowa atoe uamuzi pasipo daktari. Wakenya waliotoa picha za macho yao mapema hivyo hawatajwi sana katika sifa hizo, na si haki.

Mashine huona tu, haitibu. Na mkata miwa mwenye kisukari, akishaambiwa retina yake inavuja damu, hana budi kumtafuta tabibu mwenye leza, na kabla ya tabibu, nauli.