Historia ya Kichaa cha Mbwa: Mbwa, Punda na Farasi

Somo letu la leo ni la historia, lakini adui tutakayemsoma yupo hata sasa. Adui huyo ni kichaa cha mbwa. Tutauliza: ugonjwa huu humpataje farasi au punda, na watu walijifunzaje kuuzuia?

Kwetu farasi ni wachache. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa safari ikiwa bado changa. Mbung'o na maradhi mengine yamezuia farasi wasienee katika nchi yetu. Kwa hiyo Usukumani kazi ya kubeba maji na mazao hufanywa na punda. Lakini punda na farasi ni ndugu, na kichaa cha mbwa huwaua wote sawasawa. Basi nikisema farasi, mwenye punda naye asikilize.

Ugonjwa huu ni wa zamani sana. Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kuwa mnyama akiumwa na mbwa mwenye kichaa, naye hupata kichaa. Hapo alisema kweli. Akaongeza kuwa binadamu hapatwi. Hapo alikosea. Mwaka 1804 Mjerumani mmoja, Georg Gottfried Zinke, alitia mate ya mbwa mgonjwa katika majeraha ya wanyama wasio na ugonjwa, nao wakaugua. Ikajulikana kuwa ugonjwa hukaa katika mate.

Siku zile aliyeumwa alichomwa kidonda kwa chuma cha moto. Mwaka 1881 Victor Galtier, mwalimu wa madaktari wa mifugo huko Lyon, Ufaransa, alionyesha kuwa kondoo wanaweza kukingwa. Kisha tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa vibaya na mbwa. Mtoto alipata sindano kwa siku kadha, wala hakuugua.

Kwa nini chanjo ilimfaa? Kwa sababu ugonjwa hutoka kwenye kidonda ukafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Chanjo ikitangulia, mtu huokoka. Ugonjwa ukifika ubongoni na dalili zikaonekana, karibu kila mgonjwa hufa, akiwa mtu au mnyama.

Tuje Afrika Mashariki. Katika Kenya ugonjwa ulithibitishwa mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi. Mwaka 1928 ikatolewa habari ya mtu wa kwanza kuugua huko Kenya: mwanamke wa pwani ya Ziwa Victoria, ziwa letu hili hili.

Sasa mtazameni punda aliyeumwa. Huenda akahangaika, akapiga mateke, akauma hata mwili wake mwenyewe. Mwingine hutulia tu, miguu ya nyuma ikalegea, mate yakamtoka, asiweze kumeza. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwenyewe hudhani punda amekwamwa na kitu kooni, akatia mkono kinywani kukitoa. Ndugu zangu, msifanye hivyo! Mfungieni peke yake, mkamwite Bwana Mifugo. Wala msimchinje mkala.

Farasi na punda wana chanjo yao, na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Lakini mara nyingi mnyama hawa hawaanzishi ugonjwa. Huletewa na mbwa, na pengine na mnyama wa porini kama bweha. Kwa hiyo ngao ya kwanza ya punda ni kumchanja mbwa. Jambo hili limepimwa karibu nasi. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, walichanjwa. Baada ya kampeni ya pili, ugonjwa kwa mbwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 97, na watu walioumwa wakapungua pia. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia.

Lakini tusilale. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikwisha mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, na watu wakalazimika kuufukuza tena kwa chanjo.

Mtu akiumwa, au mate yakimwingia kidondani, aoshe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje dalili.

Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mkisikia mbwa wanaitwa kuchanjwa, mpelekeni wa kwenu.

Maswali ya darasa:
1. Zinke aligundua nini mwaka 1804?
2. Kwa nini mtu aliyeumwa asingoje dalili?
3. Katika mtaa wenu, mbwa wangapi wamechanjwa? Hesabuni, mwandike.