Namba kwenye noti: toka Mtambwe Mkuu mpaka jero la Karume

Bumu halijatoka bado, kwa hiyo leo tuongelee pesa za watu wengine, hehe.

Kuna watu ukiwapa chenji hawahesabu, wanasoma. Wanaangalia zile herufi mbili na tarakimu saba. Anayejua anatafuta 7777777, au ngazi kama 1234567, au namba inayosomeka sawa ukianzia mbele na ukianzia nyuma, mfano 3714173. Mtaani tunawaona wana wazimu. Mimi nasema wanafanya kazi ya historia, hata kama wenyewe hawajui.

Sisi Wapemba na pesa hatujaanza jana. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba toka Wete, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za karne ya 11, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha ni vijisarafu vidogo sana: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili sifa za Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yana vina! Lakini hakuna hata moja yenye namba yake. Sarafu haina kitambulisho. Na reale ya Maria Theresa, iliyozunguka pwani yetu enzi za biashara ya karafuu, ndiyo kabisa: iliendelea kupigwa na mwaka uleule 1780, wakati mama mwenyewe yuko kaburini. Ukishika moja si rahisi kujua ilipigwa lini.

Noti ndiyo ilileta namba. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia mwaka 1908, enzi za Sultan Ali bin Hamud, na kila moja ilikuwa na namba yake, ili watoaji wajue zimetoka ngapi na mwenye kughushi asipate raha. Kisha mwaka 1936 tukaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Watu wakarudisha rupia zao, maana nani aache pesa yake ife? Ndiyo maana leo zilizobaki ni chache na kwenye minada ya London zinauzwa maelfu ya pauni. Zimebaki kwa sababu kuna mtu hakuzirudisha. Labda alisahau, labda alificha mahali akafa nayo siri.

Sasa yametukuta na sisi. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani, za matoleo ya 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya 500 ya toleo la 2010 yenye picha ya Mzee Karume. Kubadilisha ilikuwa toka 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025, baada ya hapo si pesa tena.

Ami yangu kule Wete alikuwa na mbili alizozipenda. Moja ni msimbazi wa 2003, yule wa tembo, wenye 786 katikati ya namba. Wanaojua hesabu ya abjadi wanaelewa: herufi za Bismillahi nzima ukizijumlisha zinatoa 786, na kule India na Pakistan Waislamu wengi wanazitunza noti za hivyo. Ya pili ni jero la Karume, safi kabisa, namba yake inasomeka sawa mbele na nyuma. Akanipigia: mwanangu, nibadilishe au nikae nazo?

Elfu kumi si mchezo, ni nauli na kitoweo. Nikakaa na kalamu. Katika namba za tarakimu saba, zenye 786 mahali popote ni kama moja katika kila 200. Zinazosomeka sawa pande zote ni moja katika kila 1,000. Zenye tarakimu moja tupu, bila kuhesabu sifuri, ni 9 tu katika milioni kumi! Halafu msimbazi wenyewe ulikuwa umekunjwa mpaka unataka kukatika, na mkusanyaji hapendi noti chakavu.

Jero nalo lina historia yake. Lilipita mikono mingi likachakaa haraka, ndiyo maana mwaka 2014 ikaletwa sarafu ya 500 ichukue nafasi yake. Kwa hiyo lililo safi tayari ni adimu, achilia mbali namba.

Basi msimbazi akaupeleka benki, akapewa mpya. Jero kalibakisha. Dukani halinunui hata andazi, na ami hajali, kaliweka ndani ya daftari la mahesabu ya karafuu ili lisikunjike. Nimemwambia asilipige pasi wala asilioshe.

Wadau, majumbani kwenu kuna nini? Angalieni kwenye makasha ya bibi kabla hajawashia jiko.