Vidole Vinenavyo



Mwaka 634 Hijria, yaani 1237 Miladia, Yahya al-Wasiti alikamilisha nakala ya Maqamat ya al-Hariri wa Basra, akaipamba kwa michoro yake mwenyewe. Leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Ndani yake watu wanazungumza msikitini, kijijini na safarini. Sauti haichoreki, basi mchoraji aliwapa viganja vilivyoinuliwa na vidole vinavyoashiria, na atazamaye hutambua nani anena.

Pwani yetu nayo ina sanaa inenayo kimya. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zilianza kupigwa chapa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Jina la kanga laweza kuwa dua au shukrani kwa mama. Laweza pia kuwa kijembe. Mvaaji hupita mbele ya jirani, na ujumbe umefika. Akiulizwa, husema amevaa nguo tu.

Sura ya Al-Hujurat yakataza kejeli katika aya ya 11, na katika aya ya 12 yamfananisha msengenyaji na alaye nyama ya nduguye aliyekufa. Hapa Vickery Meadow twaishi ukuta kwa ukuta. Habari za mlango mmoja hufika simu zote kabla ya futari. Na aliyechafuliwa jina ugenini hana jamaa wengine wa kufuturu nao.

Ndimi zimefunga. Je, vidole navyo vimefunga?

Allah atutakabalie saumu zetu. Amin.