Mashine ya kumwagia mbolea bustanini: Ununue ya bei kubwa au ya bei rahisi?

- Ukubwa wa eneo unalohudumia ndio uamue, siyo bei ya dukani.
- Mashine ghali ambayo haijapimwa inaunguza nyasi sawa na ya bei rahisi.
- Miteremkoni, angalia magurudumu na gia kabla ya ukubwa wa tangi.

Moshi. Kama unatunza bustani za hoteli, nyumba za wageni au taasisi kuanzia Moshi mjini hadi Marangu na Machame, mbolea iliyomwagwa vibaya haijifichi. Ndani ya siku chache nyasi zinatoka mistari: huku kijani, huku njano, na pale mbolea ilipodondoka rundo pameungua kabisa. Mwenye bustani hataki maelezo marefu. Tenda inaenda kwa mwingine.

Ndiyo maana watunza bustani wanaomwaga kwa mkono wanaanza kutafuta mashine. Swali linakuja: ile ya plastiki ya bei rahisi inatosha, au ujibane ununue ya kazi nzito?

Aina unazoweza kukutana nazo

*Ya kubeba begani.* Ni mfuko au ndoo yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Inafaa bustani ndogo na sehemu zenye ngazi au mteremko mkali ambako magurudumu hayapiti.

*Ya kusukuma, ya nyumbani.* Tangi na magurudumu ni ya plastiki, gia nazo mara nyingi ni za plastiki. Mfano ni mashine ndogo za Scotts. Kwa bei za Marekani nyingi ziko chini ya dola 100.

*Ya kusukuma, ya kazi nzito.* Fremu ni ya chuma kisichoshika kutu, tairi ni za upepo na gia ni za chuma zilizofungwa ndani ya kasha. Lesco ni mfano unaojulikana. Bei inaanzia dola mia kadhaa, kabla ya usafiri na ushuru. Ukiagiza nje, muulize wakala wa forodha gharama zote kwanza ndipo ulipe.

Tofauti inaonekana kazini

Mashine ya kusukuma inarusha mbolea kwa sahani inayozungushwa na magurudumu. Gurudumu la plastiki likiteleza kwenye nyasi zenye umande, sahani inasimama lakini kilango kiko wazi. Mbolea inaanguka sehemu moja, na hapo ndipo panapoungua. Tairi ya upepo inashika ardhi vizuri zaidi, na hilo ni jambo kubwa huku juu ambako mvua na unyevu ni vingi kuliko mjini.

Kitu cha pili ni kutu. Urea na CAN zinavuta unyevu hewani. Ukiacha mabaki ndani ya tangi usiku mmoja, asubuhi unakuta tope linalokula chuma cha kawaida na kuziba kilango.

Cha tatu ni vipuri. Tairi na beringi fundi baiskeli anaweza kukusaidia. Gia ya plastiki ikivunjika meno, mara nyingi ndiyo basi tena.

Nani anunue ipi?

Kipimo cha haraka ni hiki. Ukiwa na bustani moja au mbili ambazo jumla hazifiki mita za mraba 2,000, ya begani au ya nyumbani inatosha. Unamwaga mbolea mara chache kwa mwaka, na ukiitunza itadumu.

Ukiwa na bustani nyingi, vijana wanaopokezana mashine na usafiri wa kirikuu au bodaboda kila wiki, ya plastiki haitakuvumilia. Hapo nunua ya kazi nzito, hata kama ni iliyotumika, mradi gia zinazunguka bila kukwama na kilango kinafunga kabisa. Kisichofunga vizuri, usikichukue.

Piga hesabu ya mbolea kwanza

Kipimo cha juu kinachotumika sana kwenye nyasi ni gramu 5 za nitrojeni kwa mita moja ya mraba kwa mara moja. Maana yake:

- Urea (asilimia 46): gramu 11 kwa mita ya mraba
- CAN (asilimia 27): gramu 19
- NPK 17-17-17: gramu 29

Kwa hesabu hiyo, mfuko wa kilo 50 wa urea unatosha takriban mita za mraba 4,500. Mashine ikimwaga mara mbili ya kipimo, nusu ya mfuko imepotea na nyasi umeziunguza juu yake.

Kumbuka pia kwamba mbolea ya ruzuku, mpango ulioanza msimu wa 2022/2023, ni ya wakulima waliosajiliwa kwa ajili ya mashamba yao. Ya bustani ya hoteli weka kwenye bei ya tenda.

Pima mashine kabla ya kazi

Namba zilizoandikwa kwenye mashine zisikudanganye, kwa sababu kila mbolea ina punje zake na kila mtu ana mwendo wake. Fanya hivi:

1. Panga vikopo mstari mmoja, kila nusu mita, kisha pita katikati. Tafuta pale mbolea inapofika nusu ya ile ya katikati, kulia na kushoto. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio upana wa njia yako.
2. Weka kilo 5 za urea. Anza na kilango kidogo, tembea mita 50 kwa mwendo wako wa kawaida.
3. Pima kilichobaki. Kama upana ni mita 2, umepita mita za mraba 100. Kwa nusu ya kipimo unatakiwa uwe umetumia gramu 550 hivi.
4. Weka alama ya rangi mahali kilango kilipokupa kiasi hicho.

Kisha mwaga nusu ukienda upande mmoja, na nusu ukikatiza njia ya kwanza. Mistari inapungua sana. Kwenye mteremko usipande na kushuka. Tembea ukikata mteremko. Funga kilango kabla hujasimama au kugeuka.

Usisahau mfongo

Bustani nyingi za miteremkoni ziko karibu na mifongo, mifereji ya maji ambayo Wachagga wameitumia kwa karne nyingi. Mbolea ikiingia humo inashuka hadi kwenye migomba na nyumba za walio chini. Acha hatua kadhaa bila kumwaga, na zilizoanguka kwenye njia za saruji zifagie zirudi kwenye nyasi.

Usimwage mvua kubwa ya masika ikiwa inakuja. Subiri majani yakauke, mwaga, kisha mwagilia kiasi ili mbolea iingie udongoni.

Ukimaliza, toa mabaki yote, osha mashine juu ya nyasi mbali na mfongo, ianike ikauke, halafu paka ekseli grisi. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo itakayoamua kama mashine yako, ghali au rahisi, itafika msimu ujao.